Kahawa ya Shemeji

Niliogopa kabla hatujafika. Gari letu lilipoiacha barabara kuu ya Muleba na kushika njia ya vumbi kuelekea kwetu Izigo, nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na wala si kwa ajili ya mashimo. Safari ile niliiomba mwenyewe. Nilimbembeleza kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo mpaka akachoka, nikafua khanga ya kuchezea, nikarudia maneno niliyokuwa nayajua tangu zamani. Siku ilipofika nikaanza kumwomba Mungu gari liharibike.

Miaka ile sisi watu wa Kagera tulikuwa tunazika. Sina namna nyingine ya kusema. Vita vilikuwa vimepita, magendo ya mpakani yakaleta mashati mapya, na ugonjwa ulipokuja tukaupa jina la shati lililokuwa fasheni, kwa kuwa waliokuwa na hela za kulinunua ndio waliotangulia kukonda. Baba yangu alikuwa nalo. Alinunua samaki kwenye visiwa vya Muleba na kuwauza mjini Bukoba, na huko visiwani kulikuwa na vibanda vya kulala wageni, na mimi sitaeleza zaidi. Alikonda, akalala ndani miezi, akafa. Tukamzika kwenye migomba yake kama tulivyowazika wengine.

Mimi, tangu baba alipoanza kukonda, nilikuwa nimepanga chumba Kashai, pale Bukoba mjini, nashona nguo za watu kwenye baraza ya duka. Nikasikia kuna mwalimu mmoja aliyeacha kufundisha anakusanya vijana wa maigizo ya kuelimisha watu juu ya ugonjwa. Kulikuwa na posho ndogo na chakula cha mchana. Nikaenda. Akaniangalia, akasema nitafaa kuwa mjane kwa sababu nina uso wa mtu aliyezoea kuonewa. Nilimnunia siku kadhaa, lakini nafasi nikaichukua.

Maigizo yetu hayakuwa kama yale ya shuleni, ya kukaa kimya mpaka wenye mchezo wamalize. Sisi tulicheza nusu tu. Mume anakufa, matanga yanaanuliwa, mdogo wa marehemu anamtaka mjane pamoja na kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyomo. Pale anaponyoosha mkono kumchukua, mwalimu anapiga kofi moja, wote tunaganda. Anawageukia watazamaji. "Haya, waitu, ndugu zetu, hadithi ni yenu. Mnataka iendeje?" Mwenye wazo anakuja mbele. Mchezaji anavua khanga au koti, yeye anavaa, na kuanzia hapo yeye ndiye mjane, au yeye ndiye shemeji. Atakachosema kimeshasemwa, hakifutwi, na sisi wengine lazima tumfuate anakokwenda.

Na walikwenda kweli. Kisiwa kimoja wavuvi walimfanya mjane wangu afungue mgahawa, wakaja mmoja mmoja kula bila kulipa, mpaka mwalimu akawakumbusha kwamba hadithi ilikuwa na ugonjwa. Kijiji kimoja upande wa Rubafu bibi mmoja alinivua khanga, akajifunga, akamtandika shemeji kwa fimbo ya kutembelea, na mwenzetu aliyekuwa anacheza shemeji akachechemea mpaka garini. Mahali pengine wanaume walishika nafasi zote, wakaniozesha, wakaniuguza, wakanizika, halafu wakabaki wanatazamana. Niliipenda kazi ile. Kila kijiji nilikuwa nasukumwa kwenye maisha ambayo sikujua yataishaje, na moyo ulikuwa unanienda mbio hata pale tulipokuwa tunacheka.

Ila nisiwadanganye. Mwalimu alikuwa na ujanja wake. Akimwona mkunga, au katekista, au mama mwenye msimamo, alimwacha na mkono wake juu mpaka wengine wamalize kuipotosha hadithi, ndipo anamwita, na huyo ndiye anayeifunga. Mjane anakataa kurithiwa, shemeji anakubali kwenda kupima, watu wanapiga makofi, tunaimba, tunaondoka. Hadithi ilikuwa yao, lakini mwisho alikuwa nao mwalimu mfukoni. Nililigundua jambo hilo mapema, na ndilo lililonipa wazo la kuwapeleka kwetu.

Kwa sababu yale tuliyokuwa tunacheza, kwetu yalikuwa yanatokea. Baba alimwacha mama yangu, watoto, na kibanja cha ukoo. Mrithi, omusika, alikuwa mdogo wangu wa kiume, bado yuko shule ya msingi. Baba mdogo akasema mtoto hawezi kushika kibanja, atakishika yeye, na anayeshika kibanja anamchukua na mwanamke aliyemo. Baba mdogo huyo alikuwa ameshazika wake wawili, wote kwa ugonjwa uleule, na wazee wa ukoo walilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndio waliowazika. Wakainamisha vichwa, wakasema desturi ni desturi.

Na desturi yenyewe kwenye ukoo wetu ilikuwa hivi. Siku ya kuanua matanga, shemeji anampa mjane kahawa ya kutafuna, akamwani, ile inayochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa, anayopewa kila mgeni. Anampa mbele ya mashahidi. Mjane akiipokea wakatafuna pamoja, ameolewa. Akiikataa, anarudi kwao na nguo zake, watoto na kibanja vinabaki kwa ukoo. Na kama shemeji mwenyewe atairudisha kahawa yake, basi amemkataa mke wa nduguye na hana neno tena juu ya nyumba ile. Hili la mwisho wazee walilitaja haraka haraka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliona likitokea. Nani aache shamba?

Kwa hiyo mama yangu alikuwa anachagua kati ya kufa na kutupoteza. Nililala na hofu hiyo, nikaamka nayo, nikakaa nayo kwenye cherehani. Mteja mmoja alinirudishia gauni, mkono mmoja nimeushona ndani nje. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia malaria.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Tungecheza Izigo kabla ya siku ya kuanua matanga. Kijiji kizima kingekuja, na wazee wangekaa mbele kama kawaida yao. Mwalimu angemwita katekista mwisho, nami nilikuwa nimeshazungumza na katekista, naye angesimama mbele ya watu wote aseme kwamba kumrithi mjane siku hizi ni kuchimba kaburi la pili. Makofi yangepigwa. Baada ya hapo, nani angekuwa na uso wa kumlazimisha mama yangu? Nilijiona nina akili sana.

Tulishuka kwenye uwanja wa shule. Baba mdogo alikuwa mstari wa mbele pamoja na wazee, amevaa koti lake la Jumapili. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za mjini, akaniita mwanangu. Mama alikuwa amekaa kwenye majani katikati ya wanawake, amejifunga nguo ya msiba, miguu ameikunja upande. Nilipomtazama hakunitazama. Nilikuwa sijamwambia kitu, na nikajua kwamba anajua kila kitu.

Nikacheza. Nililia kilio cha mjane, wanawake wakaguna kwa huruma. Mwenzetu aliyecheza shemeji akakaa kwenye kigoda, akachukua kikapu chetu kidogo ambacho ndani yake tuliweka vijiwe badala ya kahawa, akaninyooshea. Mwalimu akapiga kofi. Tukaganda.

"Haya, waitu, hadithi ni yenu."

Mkono wa katekista ulikuwa wa kwanza juu. Mwalimu akamwona, akamwacha wa mwisho, kama alivyozoea. Hapo ndipo mpango wangu ulipokufa, kwa sababu baba mdogo hakunyoosha mkono. Alisimama tu, akaja.

"Huyu kijana anamcheza shemeji vibaya," akasema. "Shemeji si mwizi. Ngojeni niwaonyeshe."

Watu wakacheka. Akavaa lile koti letu la kuchezea juu ya koti lake, akakaa kwenye kigoda. Kikapu cha vijiwe akakisogeza kando kwa mguu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe, la ndani, akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua taratibu. Ilikuwa kahawa. Harufu yake ilinifikia pale nilipopiga magoti.

Kumbe alikuwa amejiandaa. Alisikia nakuja, akaelewa kwa nini nakuja, akaona mashahidi nimemletea mimi, tena zaidi ya wale ambao matanga yangempa. Alininyooshea kahawa lakini macho yake yalipita juu ya bega langu, kule wanawake walikokaa.

"Mke wa kaka yangu," akasema kwa Kihaya, sauti ya kawaida kabisa, "pokea."

Wazee wakakaa wima. Kicheko kikaisha. Mimi ndiye niliyekuwa mjane, khanga ilikuwa mwilini mwangu, na kwa sheria ya mchezo nitakachofanya kingekuwa kimefanyika. Nikikataa, angewaambia wazee kwamba nyumba ya kaka yake imeikataa kahawa yake hadharani, na mama afungashe. Nikipokea, Mungu wangu. Nikaificha mikono chini ya khanga. Mwalimu akaona kuna jambo, akapiga kofi tugande.

"Mwalimu," baba mdogo akasema bila kugeuka, "si umesema hadithi ni yetu?"

Mwalimu akashusha mikono. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyomchukia baba mdogo, na yule katekista na mkono wake ulioanza kushuka pia nilimchukia.

Nikasikia nyuma yangu mtu anakung'uta majani kwenye nguo. Mama alikuja bila haraka. Akafika, akanigusa begani, akasema, "Keti, mwanangu. Huyu mjane namjua mimi." Akaivua khanga mwilini mwangu, akajifunga juu ya nguo yake ya msiba. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikaketi kwenye majani.

Alipiga magoti mbele ya shemeji yake, kama mwanamke wa kwetu anavyopiga magoti mbele ya mtu wa heshima. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Napokea, shemeji," akasema. "Unisamehe tu, sitaki ukoo useme nilikudanganya. Kilichomuua kaka yako ninacho. Ninacho mwilini. Sasa leta tutafune, uniwekee kinywani na mimi nikuwekee, kama desturi inavyotaka."

Mimi nilikuwa nimewafundisha vijiji vingapi kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kula pamoja? Wote pale walishaimba wimbo huo. Lakini niliuona mkono wa baba mdogo ukirudi. Ulirudi polepole, kisha haraka, na kahawa ikarudi mfukoni ikiwa nusu imefungwa. Mama aliendelea kunyoosha mikono yake.

"Mbona unairudisha, shemeji?"

Baba mdogo akacheka. Akawatazama wazee, akavua lile koti la juu. "Ni mchezo tu," akasema. "Si tunacheza?"

Mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote, kaka wa babu yangu, mtu ambaye kwa kawaida alikuwa anasinzia kwenye mikutano, akajibu palepale alipokaa. "Mchezo wao una mawe. Kahawa umeitoa kwako, ukaitoa ukoo ukiona, na ukairudisha ukoo ukiona." Akatafuta fimbo yake, akainuka. "Kibanja ni cha mtoto. Mwanamke akae na watoto wake."

Basi, yakaisha. Watu hawakupiga makofi na sisi hatukuimba. Mama akanirudishia khanga, akaenda kuketi palepale alipokuwa. Ila wanawake walikuwa wamesogea. Pale alipokuwa amebanana nao bega kwa bega palikuwa na uwazi mkubwa wa majani matupu, na yeye akaketi katikati yake, akakunja miguu upande.

Sikurudi mjini na wenzangu. Nilimfuata mama nyumbani, na nilipohakikisha hakuna mtu nyuma yetu nikamshika mkono.

"Mae, ni kweli?"

"Si mmesema tuje tubadilishe hadithi?"

"Mae, nakuuliza. Ni kweli au si kweli?"

Akasimama. "Sijui," akasema. "Baba yako amekufa nao. Mimi nitajuaje?"

Nikamwambia basi twende Bukoba, kesho, nitalipa nauli, hospitali kuna wanaopima. Akaniangalia kwa huruma, mimi mwelimishaji.

"Nikikutwa sina, habari itafika huku kabla yangu, na shemeji atadai kwamba nilimdanganya mbele ya ukoo. Atarudi na kahawa yake. Na nikikutwa ninao, nitaogopa, na kuogopa hakulimi. Niache hivihivi."

Tukaendelea na hivihivi hiyo, miaka. Sijui niieleze vipi hofu ya namna ile. Ya vita niliijua utotoni: mizinga inasikika kutoka mpakani, unalala chini kwenye migomba, inanyamaza, unaamka. Hii haikunyamaza. Kila nikienda Izigo nilianza kumpima kwa macho kabla sijamsalimia, mashavu, mifupa ya shingo. Akikohoa nilikaa macho. Akikataa chakula kwa sababu tu ameshiba, mimi nilitoka nje kulia. Yeye alipalilia, akaweka matandazo, akachuma kahawa na kuianika, akamsomesha omusika wake. Alinenepa hata. Nilipomwona amenenepa niliogopa zaidi, nikijiambia ni uvimbe.

Na kijiji kilimshikilia mama yangu kwenye nafasi aliyoichukua uwanjani. Kwenye misiba walimpa sahani ya peke yake na kumweka karibu na mlango. Akipika, wageni walikuwa wameshakula walikotoka. Akileta akamwani walisema meno yanauma. Hakuna aliyemtukana, wote walimwonea huruma, na nadhani matusi yangekuwa nafuu. Mdogo wangu alipooa, mkwe wetu alitoka kwenye familia nzuri ya kanisani, binti mpole. Mtoto alipozaliwa alimleta kumwonyesha bibi yake kutoka mlangoni, amemfunga mgongoni, na hakumfungua.

Baba mdogo aliishi miaka mingi. Nasema hivyo na mnielewe mnavyotaka. Alipokufa nilikwenda kuzika, na siku iliyofuata kuanuliwa kwa matanga yake nikasikia hodi asubuhi kwenye chumba changu cha Kashai. Mama alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kanisani.

"Amekwisha," akasema. "Twende nikapime."

Wakati huo majibu yalikuwa yameanza kutoka siku hiyohiyo. Tulikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi. Mama alikuwa ametulia, anaangalia watoto wa watu. Mimi jasho lilinitoka mpaka nguo ikanata mgongoni. Miaka yote nilikuwa nimeogopa kutojua, na pale kwenye benchi nikagundua kwamba kutojua ndiko kulikokuwa kunanisimamisha. Walipomwita nilishindwa kunyanyuka, akaingia peke yake.

Alipotoka aliketi karibu yangu, akaweka mikono mapajani.

"Sina," akasema.

Nililia bila aibu, watu wakageuka. Nilimkumbatia, nikamtikisa, nikasema sijui nini na nini. Alipoona nimemaliza akanifuta uso kwa upande wa kitenge chake.

"Ule mchezo wenu bado upo?"

"Upi, Mae?"

"Ule wa kwenye uwanja. Watu wanakaa, mtu anasimama anabadilisha, na wote wanasikia pamoja."

Nikamwambia haupo. Wafadhili waliondoka, mwalimu akafa, wengine wakafa, gari sijui lilikwenda wapi. Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi itabidi niwaambie mmoja mmoja," akasema.

Na aliwaambia. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi, akaeleza. Walimsikiliza, wakasema Mungu mkubwa, wakamletea chai kwenye kikombe kilekile walichomtengea. Mkwe wetu ndiye pekee aliyemwamini, au alijilazimisha, sijui. Alikuja siku moja na mtoto wake wa mwisho, akamweka mapajani mwa mama, akasimama pembeni, macho hayabanduki kwa mtoto.

Mama alikufa mzee, kwa presha, amelala. Nilisimama mlangoni kupokea pole. Mwanamke mmoja mtu mzima, ambaye siku ile alikuwa kwenye majani ya uwanja wa shule, alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka kweli.

"Pole, mwanangu," akasema. "Lakini mama yako alijitahidi. Wengine ugonjwa ule uliwamaliza mapema, yeye amekaa nao miaka yote hii."

Nilifungua kinywa kumjibu. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye migomba, na wengi wao walikuwepo siku ile. Nikamwambia asante.